Dobi Aliyeshika Funguo za Athene

Rafiki yangu Moskioni alikuwa dobi. Uwanja wake ulikuwa chini ya mtaa wetu wa Agrile, karibu na mto, mahali ambapo upepo wa jioni hupeleka harufu mbali na nyumba za watu. Harufu yenyewe ilikuwa ya mkojo, kwa sababu hakuna kitu kinachotoa mafuta ya jasho kwenye sufu kama mkojo uliokaa. Asubuhi hadi jioni alikuwa ndani ya beseni la mawe, magoti wazi, akikanyaga majoho ya watu. Nyayo zake zilikuwa na nyufa, na mikono yake myeupe kwa ule udongo wa kung'arishia. Watu walimtania wakipita: "Moskioni, leo umeoga?" Naye alicheka tu, akainua mkono.

Hakuwa mtu wa kujibu. Tangu utotoni maneno yalikuwa yakimkwama. Si kwamba hakuwa nayo. Yalikuja yote kwa pamoja hadi mlangoni, kisha yakabanana pale, na uso wake ukawa mwekundu, na mshipa wa shingo ukatoka. Neno baya kuliko yote kwake lilikuwa jina lake mwenyewe. Kwa mkewe Arkipe alisema vizuri kidogo, hasa akiwa anakanyaga nguo, mguu huu, mguu ule. Kwangu pia, kwa sababu tulikua pamoja. Lakini penye watu watatu au wanne alinyamaza. Kwa miaka ishirini alipanda kilima cha Mkutano pamoja nasi wengine, akaketi kwenye mwamba, akainua mkono wakati wa kupiga kura, akarudi kwenye beseni. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake kule juu.

Mimi ni Filagro, nauza vitunguu na jibini. Nasema haya kwa kuwa nilikuwepo.

Mwaka ule watu walikuwa wachache. Vita vilikuwa vimekula wanaume, na mtaa wetu ulitakiwa kutoa majina ya kuingia Baraza la Mia Tano. Mkuu wa mtaa alizunguka akiomba, kila mtu akatoa udhuru wake. Mwisho akaandika majina ya waliobaki, langu na la Moskioni, na kura ya kunde ilipopigwa, kunde nyeupe ya bahati ikatuangukia sote wawili.

Nilikwenda kumpa habari. Alisimama ndani ya beseni, maji yakamtulia magotini.

"Wa-wape mtu mwingine," alisema.

"Hakuna mtu mwingine, bwana. Wengine wote wamekufa au wana akili kuliko sisi."

Arkipe alitoka ndani akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Shemeji, huko Barazani lazima mtu aseme?"

"Si lazima. Wengi wanalala tu."

"Basi huyu anaweza kulala," alisema Arkipe. "Tena hakoromi." Lakini nilimwona akimwangalia mumewe, na macho yake hayakuwa yakicheka.

Kabla mtu hajaapishwa huulizwa maswali mbele ya watu. Baba yako nani? Mama yako nani? Makaburi ya kwenu yako wapi? Wazazi unawatendea vema? Vitani umekwenda? Ni maswali ambayo mtoto anaweza kuyajibu. Moskioni aliulizwa la kwanza, jina la baba yake, na jina halikutoka. Tulisimama pale. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja nyuma akasema, "Huyu hamjui baba yake!" na kicheko kikapita safu hadi safu. Mimi nilikuwa shahidi wake, nikasema kwa niaba yake yote: baba, mama, makaburi, vita viwili, kovu la paja. Lilipofika swali la wazazi nikawaambia kwamba mama yake ni kipofu, na kwamba kila alasiri humbeba mgongoni hadi mtoni ili asikie maji. Hapo kicheko kikaisha. Akapitishwa.

Njiani kurudi hakuniangalia. "U-umenisemea," alisema mwishowe. Nilidhani ananishukuru. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ilimuuma.

Zamu ya kabila letu kukaa katika Nyumba ya Duara ilikuja wakati wa majira ya kuchipua. Makabila ni kumi, kila moja na watu wake hamsini kati ya wale mia tano, na zamu ni siku thelathini na tano. Na kila jua linapotua hupigwa kura ya bahati kati ya wale hamsini, kupata mwenyekiti wa siku. Yeye ndiye hukaa na funguo za hazina na za nyaraka, na muhuri wa mji, mpaka jua litue tena. Kama siku yake ni ya Mkutano, yeye ndiye anayeuongoza. Ni siku moja tu. Ukishaipata, huipati tena maisha yako yote, hata uwe nani.

Nilikuja kujua kwamba tangu siku ya kwanza ya zamu yetu Arkipe alikuwa amelifua joho la mumewe, akalipiga udongo mweupe mpaka likang'aa, akalikunja sandukuni bila kumwambia. Dobi huwa hana joho safi. Nguo za wengine humaliza nguvu zake. Kila jioni Arkipe alilitoa, akalikung'uta, akalirudisha. Siku ishirini na mbili alifanya hivyo.

Siku ya ishirini na tatu kura ikamwangukia Moskioni. Na kesho yake ilikuwa siku ya Mkutano.

Akavikwa funguo shingoni. Alikula uji wake wa shayiri kama kawaida, mkono mmoja umeshika muhuri kana kwamba ni yai. Alfajiri Arkipe alikuja mlangoni na joho. Alimvika mwenyewe mbele yetu sote, akamnyooshea mikunjo begani, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama.

"Haya," alisema. "Sasa nenda ukalale."

Akacheka, naye akacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu jana yake.

Hoja ya siku ile ilikuwa ya maji. Kuna chemchemi chini ya mlima Himeto, na vijiji vitatu vidogo vinachota hapo. Msemaji mmoja aitwaye Euribato, mtu wa sauti nzuri na mikono mizuri, alitaka chemchemi hiyo ikodishwe kwa mtu mmoja atakayeijengea, kuitunza na kuyauza maji yake. Alisema vizuri, kama anavyosema siku zote. Watu waliitikia kwa vichwa. Jua lilikuwa limeanza kuchoma mwamba, na kila mtu alikuwa na kazi inayomngoja.

Mpiga mbiu akauliza, kama ilivyo desturi: "Nani anataka kusema?"

Akainuka mzee mmoja wa mlimani, Hedilo kwa jina, mfuga nyuki. Alichukua muda kufika mbele. Alichukua muda mwingine kupata pumzi. Alipoanza, alianza na babu yake.

"Babu yangu... alikuwa na punda wawili..."

"Punda wameingiaje hapa?" mtu akapaza sauti.

"Mmoja alikuwa kijivu..."

"Teremka, mzee! Teremka!"

Wakaanza kupiga makofi yale ya kumfukuza mtu. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na meno, na maneno yalimtoka yakiwa yametafunwa. Euribato akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, watu wamekwisha kuamua. Piga kura."

Mpiga mbiu naye akainama sikioni kwa Moskioni. Sisi wa kabila letu tulikaa pale pale nyuma yake, kwa hiyo nilisikia. "Itisha kura, ndugu. Jua kali."

Moskioni akasimama. Kilima kizima kikamwona amesimama, joho jeupe, funguo kifuani. Akafungua mdomo, na neno halikuja. Nikaona mshipa ukitoka shingoni. Nilishika ukingo wa benchi. Nilitaka kusimama nimsemee, na miguu yangu ilikwisha kuinuka nusu. Akanyoosha mkono wake nyuma, bila kugeuka, kiganja wazi, kunizuia.

Wakacheka. Kicheko cha watu elfu kadhaa kinasikika hadi sokoni. Yeye akasimama tu. Hakukaa, hakuinamisha kichwa. Kicheko kikapanda, kikafika mwisho wake, kikashuka, maana hata kicheko huchoka. Na kilipoisha kabisa, neno likatoka.

"A-anamaliza."

"Nini?" alisema Euribato.

"Mzee anamaliza. Kisha ku-kura."

"Mwenyekiti, utashtakiwa kwa hili! Unazuia kura ya wananchi!"

Moskioni akaketi, akamwashiria mzee kwa mkono: endelea.

Mzee Hedilo akaendelea. Akarudi kwa wale punda, tena akaanza mwanzo. Lakini sasa watu walinyamaza, nadhani kwa udadisi tu. Punda walikuwa wa kubeba mawe ya kujengea kingo za chemchemi, babu yake na wenzake, majira ya joto mawili. Kisha akasema juu ya vita.

"Adui alipokuja tulikimbilia kwenu mjini. Mlitupa pa kulala, kando ya ukuta, tunashukuru. Tuliporudi, alikuwa amechoma nyumba. Mizeituni amekata. Mizinga yangu amevunja. Kitu kimoja tu hakuweza kukichoma, ni maji." Akapumzika. "Sasa naona mnataka kukichukua ninyi."

Akashuka taratibu, akitafuta ngazi kwa fimbo. Hakuna aliyepiga makofi wala kuguna.

Kura ilipigwa. Hoja haikupita kama ilivyoletwa. Ilirudishwa Barazani, na baadaye wakakubaliana kwamba vijiji vichote kwanza, yanayobaki ndiyo yakodishwe. Si ushindi mkubwa. Mzee Hedilo alilalamika mpaka kufa kwamba aliyekodi anachafua kingo za babu yake.

Jua lilipotua Moskioni akavua funguo, akamvika mwingine. Kesho yake akapewa ruhusa ya nusu siku, na nilimkuta ndani ya beseni.

Euribato hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka ulipokwisha na sisi wote kutakiwa kutoa hesabu ya utumishi wetu, rafiki yake mmoja aitwaye Dinia alimshtaki Moskioni kwamba ameuzuia Mkutano kupiga kura kwa ukaidi wake. Adhabu yake ingeweza kuwa kubwa. Mtu huweza kunyang'anywa haki ya kupanda kilima, asiweze tena hata kuinua mkono.

Nilikwenda kwake jioni. "Nitakusemea," nilimwambia. "Sheria inaruhusu rafiki kusema."

"Hapana."

"Moskioni, mahakamani kuna maji. Unajua yale maji?"

Alijua. Kila upande hupewa mtungi mmoja wa maji, wenye tundu chini. Unasema maji yakimwagika. Yakiisha, umeisha. Kipimo ni kimoja kwa wote, na ndio usawa wetu. Lakini Dinia angeweza kusema shairi zima kwa maji ambayo Moskioni angeyamaliza kwenye neno moja.

"Ni-nitasema mwenyewe," alisema. Kisha akaniambia lile jambo la siku ya maswali, jinsi nilivyomtajia baba yake. "Ulifanya kwa upendo. Lakini ni ba-baba yangu, Filagro. Nilitaka kumtaja mimi."

Arkipe alikuwa kando akimlisha mama mkwe wake mkate uliolowekwa kwenye divai. Aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema, mwache.

Siku ya kesi majaji walikaa mia mbili na moja, watu wa kawaida, wauza samaki, wakulima, mabaharia wazee. Pembeni ya mtungi alikaa mtumwa wa mji, mtu wa makamo kutoka nchi za kaskazini, mwenye nywele za rangi ya ngano na michoro ya zamani mikononi. Kazi yake ilikuwa kufungua tundu mtu anapoanza, na kuziba wakati sheria zinaposomwa, kwa sababu muda wa kusoma hauhesabiwi. Alikuwa akikaa pale miaka na miaka. Sikuwahi kumwangalia usoni.

Dinia akasema. Alimaliza na maji yakabaki, akainama kwa adabu.

Moskioni akapanda. Mtumwa akaondoa kidole. Maji yakaanza kutoka, uzi mwembamba, na mlio wake kwenye mtungi wa chini ndio sauti pekee mle ndani. Moskioni akafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Nilitazama maji, si yeye. Nilishindwa kumtazama yeye. Na nikiwa nimekodoa macho pale, nikaona kidole gumba cha yule mtumwa kikisogea, polepole, kikaziba tundu.

Mlio ukakatika. Moskioni alikuwa bado amekwama. Kisha neno likatoka, "Wa-wananchi," na kidole kikaondoka, maji yakatiririka. Akasema sentensi nzima. Akakwama tena. Kidole kikarudi.

Dinia akaruka. "Anaziba! Mtumwa anaziba maji!"

Kwa jambo kama hilo mtumwa huchapwa. Yeye hakuondoa kidole. Alikuwa akitazama mbele tu, uso hauonyeshi kitu.

Mzee mmoja kwenye safu ya majaji, baharia kwa sura yake, akapiga kelele: "We kaa chini! Ulikuwa na maji mpaka umeyabakisha. Mwache na mwenzio anywe!"

Wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine. Mia mbili na moja walicheka kama watu wa nyumba moja. Msimamizi wa mahakama akaangalia mtungi, akaangalia majaji, kisha akaanza kuchunguza boriti za paa.

Ndipo Moskioni akasema, na hivi ndivyo alivyosema, nikiondoa kukwama kwake:

"Sikuzuia kura. Nilingoja. Mpiga mbiu aliuliza, nani anataka kusema. Hakuuliza, nani anajua kusema. Kama angeuliza hivyo, mimi nisingekuwepo hapa, na wengi wenu pia. Mzee alitaka kusema. Kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu, na niliifanya. Siku nyingine zote nafua nguo zenu." Akanyamaza, nasi tukadhani amemaliza. Kidole kilikuwa kwenye tundu. Akavuta pumzi, shingo ikamvimba, muda ukapita mrefu kuliko wote. "Baba yangu," alisema, "ni Tei-Teisandro wa Agrile."

Hakuna aliyemwuliza jina la baba yake. Lakini alilisema, akashuka.

Majaji walimwachia kwa kura nyingi. Nje Arkipe alikuwa amesimama jua kali, shela imemteleza kichwani. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaibusu ile mikono myeupe kwa udongo, pale barabarani, watu wakiona.

Moskioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alingoja mpaka majaji wakatoka, akamwendea yule mtumwa aliyekuwa akisuuza mitungi.

"Ji-jina lako nani?"

"Manesi, bwana."

"Kwa nini ulifanya vile? Wangekuchapa."

Yule mtu akaendelea kusuuza. Alisema Kigiriki chetu vizuri, kwa lafudhi ya mbali. "Miaka kumi na tisa nasikia watu wakisema hapa, bwana. Wote wananyoosha maneno kama kamba. Wewe nilitaka kusikia mwisho." Akamwaga maji. "Mimi nikisema, hakuna anayefungua tundu."

Tulitembea hadi karibu na mto. "Filagro," Moskioni alisema, "sisi tunajiita watu hu-huru. Na yeye..." Nikangoja. Sikumsaidia neno. Hakulimalizia, na mpaka leo sijui lingekuwa lipi.

Mwaka uliofuata, siku ya Mkutano, mpiga mbiu alipouliza nani anataka kusema, dobi wa Agrile aliinuka kwa hiari yake, akaomba mji umpe Manesi uhuru. Wakamcheka wakakataa: mtumwa anayejua kusoma na kupima, nani atamwachia? Akaomba tena baada ya miezi. Wakakataa, bila kucheka. Mara ya tatu, mwaka wa pili, walikubali. Nitasema ukweli, hawakukubali kwa wema. Macho ya Manesi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuuona tena mstari wa kipimo mtungini, na mji haukuwa na haja naye. Lakini walikubali, na mbiu ikapigwa, na Moskioni akashuka kilimani akikimbia, mtu mzima kama yeye.

Moskioni na Arkipe wakampa Manesi chumba cha uani kwao, ambamo mama kipofu alifia majira ya baridi yaliyopita. Arkipe alikipaka chokaa, akatandika sufu safi. Asubuhi ya kwanza nilipita na jibini, nikakuta beseni limejaa maji na nguo, na Moskioni amekaa ukingoni, miguu mikavu.

"Mgonjwa?" niliuliza.

Arkipe akatokea jikoni, kidole mdomoni. "Shemeji, punguza sauti," alinong'ona. "Manesi amelala. Jua limefika hapa na bado amelala. Nimemkataza huyu kukanyaga mpaka mwenyewe aamke."

Nikaketi karibu na Moskioni. Tukala jibini polepole, bila kusema, mpaka kivuli cha ukuta kikaisha.